Meno ya Okullo Kwenye Matete

Sura ya Sita

Inspekta Ongom aliyaweka meno ya shemeji yake juu ya meza, akayafunika kwa leso, kisha akayafunua tena. Hayakuwa yamebadilika. Yalikuwa meno ya juu peke yake, kumi na manne, yamekaa kwenye ufizi wa plastiki wa rangi ya waridi, rangi ambayo ukoo wa Okullo haujawahi kuwa nayo mdomoni tangu kuumbwa.

"Niletee Mkenya," alimwambia Konstebo Amito.

"Na pingu, afande?"

"Na pingu. Na kikombe cha maji."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, katika kituo kidogo cha polisi huku Nakawa. Saa kumi jioni Luteni Kamis wa jeshi angekuja na Landrova kumchukua mahabusu huyo. Waliochukuliwa na Luteni Kamis hawakuwa wakirudi. Hata mikanda yao haikurudi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku kumi na moja nyuma, Jumanne, mzee Okullo, mtunza stoo wa jeshi, alitoka nyumbani kwake Luzira na hakuonekana tena. Alhamisi, wanawake waliokuwa wakifua nguo karibu na Port Bell, ukingoni mwa ziwa, wakaliona shati lake kwenye matete, na ndani ya shati, meno. Mwili haukupatikana. Mkewe, Akwero, ambaye ni dada mkubwa wa Ongom, aliitwa kituoni. Aliyatazama meno mara moja akaanza kulia. "Ndiyo haya aliyotoka nayo mdomoni," alisema. Ongom akaandika maneno hayo, dada akatia sahihi kwa mwandiko wake wa mviringo, naye Ongom akatia sahihi chini yake kama shahidi wa familia. Kisha akaenda kunyoa kichwa, kama afanyavyo mtu aliyefiwa, na mpaka leo kilikuwa kinang'aa kama sahani.

Luteni Kamis hakungoja mwili. Alimkamata Owino, fundi wa meno bandia sokoni Nakawa, kwa sababu tatu: Okullo alionekana mara ya mwisho akiingia kwake, raia mwema mmoja alisikia kutoka humo sauti ikiapa kumponda mtu kama chawa, na Owino alikuwa Mkenya. Mwaka ule wa sabini na sita sababu ya tatu ilitosha peke yake. Zile mbili za kwanza zilikuwa mapambo.

Owino aliingia, mtu mfupi mwenye mikono safi kuliko ya daktari, shati limechanika begani. Alikaa kabla hajaambiwa.

"Unayajua haya?"

"Hiyo ni kazi yangu, afande. Nilitengeneza mwaka wa sabini na moja, mwezi wa pili. Wakati ule plastiki nzuri bado ilikuwa inakuja."

"Okullo alikufa akiwa ameyavaa."

Owino aliyachukua kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumpa nafasi ya kutumia mmoja. Aliyanusa. Akapitisha kidole gumba ndani, pale panapokaa kaakaa, taratibu, kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Nani alisema aliyavaa?"

"Mkewe. Na mimi nilitia sahihi."

"Ooh." Owino aliyarudisha mezani. "Basi mmefanya matanga mawili, afande. Hii meno ilikufa mwezi wa tano."

"Eleza. Na usinichezee."

"Nitakuchezea nikiwa na pingu? Tazama magego. Yamekwisha, yamekuwa laini kama sabuni ya kipande cha mwisho. Mtu akitafuna na haya chakula kinateleza tu. Anameza vipande vizima, halafu tumbo likimuuma anamlaumu mke na mapishi yake. Tazama hapa katikati. Unaona mstari? Ni ufa. Nimeuziba mara mbili. Mara ya kwanza aliyadondosha kwenye karai akiosha uso, hiyo ni ajali. Mara ya pili hakudondosha kitu. Alikuwa anakula mkate. Meno yakipasuka mahali palepale na hayakuanguka, afande, kosa haliko kwenye meno. Ni taya imeondoka chini yake."

"Taya huondoka ikaenda wapi?"

"Inapungua. Ukishang'oa meno mfupa unaona hauna kazi, unajirudisha nyuma kidogo kidogo kila mwaka. Plastiki haipungui. Baada ya miaka mitano ni kama umemvalisha mgonjwa koti la siku ya harusi yake. Inacheza. Inachubua. Wewe ulikuwa unakaa na mzee, hukuona?"

Ongom alikuwa ameona, na familia nzima ilikuwa imeona. Okullo alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Akizungumza meno yalipiga *tak, tak,* kama mtu anayehesabu nazi. Pembe za midomo zilikuwa na vidonda visivyopona, na kidevu chake na pua vilikuwa vimeanza kusogeleana kama majirani wanaotaka kusengenya. Kwenye harusi moja huko Naguru meno yalidondoka ndani ya bakuli la mchuzi katikati ya hotuba yake, na bwana harusi akaendelea kupiga makofi akidhani hotuba imekwisha.

"Alikuja mwezi wa tano anataka niweke kiraka cha tatu," Owino aliendelea. "Nikakataa. Nilimwambia, mzee, ingekuwa imelegea kidogo tu ningeongeza plastiki kwa ndani, ikakaa. Ingekuwa jino moja limetoka ningelirudisha ukingoja hapo nje. Lakini hii inakuangusha ukicheka, inakutia vidonda, uso umeanza kukunjika, na unaishikilia kwa ulimi kama mtu anayezuia mlango. Hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kubadilisha. Basi nikachukua kipimo upya. Jumanne ile alitoka kwangu na mpya mdomoni."

"Na haya?"

"Haya hakuja nayo. Yalibaki nyumbani kwake. Huwa nawaambia wote, ya zamani usitupe, weka kwenye glasi ya maji, siku ile mpya ikivunjika utakula nini?"

Ongom aliacha kuandika.

"Mtu anayengojwa na Landrova anaweza kusema lolote, Owino."

"Kweli. Ndiyo maana usiniamini. Nenda dukani. Rafu ya juu, kama hawajavunja."

"Na lile la kumponda mtu kama chawa?"

Owino alicheka mpaka pingu zikalia. "Hiyo muulize Nabalayo, yule wa mahindi. Nikikwambia mimi utaona natunga."

*

Duka la Owino lilikuwa chumba kimoja nyuma ya safu ya mafundi cherehani. Askari walikuwa wamechukua kiti cha wagonjwa, kioo, jiko la mafuta ya taa, na ile mashine ya kukanyaga kwa mguu. Mkebe wa unga wa plastiki wa waridi ulikuwa umemwagwa sakafuni na mtu alikuwa ameuonja: alama ya kidole ilikuwa wazi, na hatua mbili mbele, alama ya mate.

Lakini rafu ya juu haikuguswa. Juu yake zilikuwa zimepangwa taya arobaini za plasta nyeupe, vipimo vya wateja, midomo wazi, kila moja na jina kwa penseli. Fundi cherehani wa mlango wa pili alimweleza Ongom kwamba askari watatu waliingia kwa kishindo, wakaziona, wakatoka taratibu. Mmoja aliuliza vichwa vyenyewe viko wapi.

Ongom alipanda juu ya boksi. Alizikuta mbili zenye jina moja: *Okullo 71* na *Okullo 76.* Akazishusha, akayatoa meno kwenye bahasha aliyoyatia, akayaweka juu ya ile ya kwanza. Yalikaa kimya, kama yamerudi kwao. Akayaweka juu ya ile ya pili. Yalicheza huku na huku, kama stuli yenye mguu mmoja mfupi. Alipima pengo kwa ncha ya penseli, na ncha yote ikaingia. Ile ya pili akaifunga ndani ya leso aende nayo.

Basi taya ilipungua, na kipimo kipya kilichukuliwa. Hilo lilikuwa kweli. Ila kipimo si meno. Huenda Owino alichukua kipimo na hakumaliza kazi. Huenda Okullo alirudi nyumbani na yale yale.

Nabalayo alikuwa amekaa chini, mbele ya jiko lake, akipepea makaa kwa kipande cha boksi. Mwanamke mnene kutoka Mbale, kitambaa kichwani, na macho ya mtu anayejua kila kitu na hajaulizwa.

"Mzee Okullo unamjua, mama?"

"Yule wa kufunika mdomo? Namjua, ssebo. Miaka mitano anapita hapa ananusa mahindi yangu kama mbwa, hanunui. Anasema, 'Nabalayo, ungekuwa unachoma uji ningekuwa mteja wako.'"

"Jumanne ile ulimwona?"

"Nilimwona! Banange, alitoka kwa Owino uso umenyooka, kijana kabisa. Nilitaka kumuuliza kama ana mke. Akachukua hindi moja, akaling'ata hapa mbele yangu. *Kwaa!* Akalimaliza, akachukua la pili. Machozi yanamtoka. Nikamwambia, mzee, moto? Akasema, 'Si moto, Nabalayo. Ni miaka.'"

"Uliona meno?"

"Ningekosa kuyaona vipi? Alinionyesha mwenyewe. Meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Halafu akafungiwa mahindi mengine manne, akasema ni ya njiani."

Kalamu ya Ongom ilisimama. "Ya njiani wapi?"

"Sikuuliza. Siku hizi mtu akisema njiani huulizi njia gani."

"Na ugomvi? Sauti iliyoapa kumponda mtu kama chawa?"

Nabalayo alipepea makaa kwa nguvu ili afiche kicheko. "Afande, ile tangazo la jeshi ulishaisoma? Ile imebandikwa kwenye ukuta pale? Soma."

Ongom alikwenda akasoma. *Adui wa taifa tutamponda kama chawa, popote alipojificha.* Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu.

"Owino akimpa mtu meno mapya hamtoi dukani mpaka asome kwa sauti," Nabalayo alisema aliporudi. "Ati ulimi uzoee. Wengine wanasoma Biblia. Mzee hakuwa na Biblia, basi Owino akamwambia, simama mlangoni usome ile ya ukutani. Akasoma mara nne! Mara ya kwanza anatema mate, mara ya nne kama redio. Watu wakaanza kutembea haraka."

"Kwa hiyo aliyeapa ni Okullo."

"Aliyesoma ni Okullo. Aliyeapa ni serikali."

Ongom alifunga kijitabu chake. Alikuwa ameshageuka Nabalayo alipomvuta suruali, pale chini alipoweza kufika.

"Ssebo. Kuna jambo lingine. Sijui kama ni la kusema."

"Sema."

"Siku walipokuja kumchukua Owino, mtu aliwaonyesha mlango. Alikuwa ndani ya Landrova, amejifunika kitambaa uso mzima. Alishuka kidogo, akanyoosha kidole, akapanda. Wengine hapa wanasema mwanamume. Mimi nakaa chini, ssebo, sioni nyuso, naona miguu. Ni mwanamke. Viatu vya plastiki, bluu. Cha kushoto kimeshonwa kisiginoni na uzi mweupe."

Ongom hakuandika hilo. Alimlipa Nabalayo bei ya hindi ambalo hakulila.

*

Luzira, nyumbani kwa Okullo, matanga yalikuwa bado hayajavunjwa. Wanawake watatu wa jirani walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakichambua maharage. Mlangoni vilikuwa viatu vya watu wanne. Vya plastiki vya bluu vilikuwa upande wa kulia. Ongom alivijua, alivileta mwenyewe kwa dada yake kutoka Jinja, Pasaka iliyopita. Akakiinua cha kushoto, akakigeuza, akakirudisha mahali pake.

Akwero alitoka ndani na kikombe cha maji, akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Alikuwa na gauni la gomesi, jeusi, na sauti ya mtu aliyelia vya kutosha.

"Omera, ndugu yangu, umekuja. Umekula?"

"Njoo nyuma ya nyumba, dada."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kinu kilicholazwa. Ongom alibaki amesimama.

"Jumanne ile, shemeji alikula nini?"

"Uji. Angekula nini kingine na meno yale?"

"Mahindi ya kuchoma. Mawili. Na manne akafungiwa."

Akwero alitazama upande wa ziwa. Alichukua muda kukunja ncha ya gomesi yake, akaikunjua.

"Nani kakuambia?"

"Glasi ya meno ya zamani iko wapi, dada? Ile aliyoambiwa aweke maji?"

"Ilivunjika."

"Ilivunjika lini?"

"Ongom."

"Ilivunjika kabla hujayatoa meno ndani yake au baada?"

Wale wanawake wa maharage walikuwa wamenyamaza. Akwero alipaza sauti akawaambia waongeze maji kwenye chungu, wakaanza tena kuzungumza, kwa bidii.

"Yuko hai," alisema polepole. "Yuko upande wa pili wa mpaka, kwa binamu zake, tangu Jumatano ile. Bosi wake wa stoo alichukuliwa, yeye alikuwa anafuata. Angekimbia tu wangenijia mimi na watoto. Mtu aliyekufa hawamtafuti mkewe. Nikapeleka shati na meno kwenye matete mwenyewe, asubuhi na mapema."

Ongom alikaa juu ya kinu.

"Nilinyoa kichwa."

"Niliona."

"Nilikwenda kwa mama nikamwambia mkwe wake amekufa. Alilala chini mbele yangu, mwanamke wa miaka themanini."

"Ilibidi walie watu wa kweli. Luteni anajua kilio cha uongo."

"Alipita vipi vizuizi vyote mpaka Tororo?"

Ongom alijibu mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyotumia kuhoji wezi wa baiskeli. "Barua ya njia. Ile niliyokutilia sahihi mwanzo wa mwezi, ya mpwa wetu wa kwenda kununua mtama. Ulisema jina utajaza wewe, hamjajua aende yupi. Hakuna mpwa aliyekwenda."

"Hakuna."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Okullo alisema wewe ni polisi kwanza, shemeji baadaye."

Ongom alikitazama kiganja chake kama kilikuwa kimeandikwa kitu. "Na Owino?"

"Waliniuliza alikwenda wapi mwisho. Nikasema kwa Owino, ni kweli alikwenda. Wakasema tuonyeshe. Ningefanya nini? Nina watoto watano. Yeye hapa hana mtu."

"Alikula kwako Krismasi."

"Alikula kidogo," alisema Akwero.

Jogoo alipita kati yao. Ongom alisimama, akajifuta vumbi.

"Saa tisa namfungulia Owino. Sitaandika kwamba shemeji yuko hai. Nitaandika ushahidi hautoshi, na hautoshi kweli. Wewe kaa na matanga yako."

"Akitoka atasema habari ya meno mapya. Fundi gani anaficha kazi yake? Akisema, watajua mimi nilidanganya."

"Hatasema. Atakuwa mbali."

"Unaniahidi kwa mdomo wa mtu mwingine, Ongom?"

"Nakuahidi kwa wangu. Mtu hawezi kufa kwa sababu alifanya kazi vizuri, dada."

Akwero alimtazama kwa muda, kama anavyotazama unga kabla ya kusema ni kilo ngapi. Alikuwa amembeba huyu mgongoni mpaka alipoanza darasa la kwanza. Alikuwa amemfundisha kufunga vifungo. Alinyoosha mkono akamweka sawa kola ya shati.

"Kale, haya," alisema. "Wewe ndiye unajua sheria. Nenda salama, omera."

*

Saa tisa kasoro Ongom alizifungua pingu za Owino kwa ufunguo wake mwenyewe. Konstebo Amito alikuwa kaunta ya mbele. Ongom alikuwa amemwambia ahesabu kurunzi za kituo, na kituo kilikuwa na kurunzi moja.

"Una watu reli?"

"Binamu yangu yuko behewa la mizigo. Linaondoka saa kumi na moja."

"Pita nyuma, kwenye majani, mpaka njia ya garimoshi. Usipite sokoni. Usichukue kitu dukani."

"Hata zile taya? Nikiziacha nitaanza upya na watu wote hao."

"Owino."

"Nimesikia, afande." Alijisugua viganja. "Umeziona? Ya sabini na moja na ya mwaka huu?"

"Nimeziona."

"Basi ulikwenda Luzira."

Ongom alizirudisha pingu kwenye mkanda.

"Nilijua tangu asubuhi, uliponionyesha," Owino alisema. "Ya zamani haitoki nyumbani bila mtu wa nyumbani. Lakini ningekuambia ni dada yako, ungenipiga, halafu usingekwenda popote."

"Ningekupiga," alikubali Ongom.

"Na mzee anatafuna."

"Anatafuna."

Owino aliitikia kwa kichwa, polepole, kama fundi anayesikia mashine yake inazunguka mbali. "Ile mpya hatujaifanyia marekebisho. Hakuna mpya inayokaa bila kurekebishwa. Wiki ya pili itaanza kumkata hapa, nyuma, upande wa kushoto, maana taya yake ina kona. Wiki ya tatu atakuwa anailaza mezani kila akitaka kula. Atauliza fundi kila mahali, na kila fundi atamwambia aende kwa aliyemchukua kipimo."

"Akija kwako utamfanya nini?"

"Mimi?" alisema Owino. Alikuwa ameshafika mlango wa nyuma. "Nitamwambia akae, afungue mdomo."

Akatoka. Majani yalitikisika, kisha yakatulia. Ongom alihesabu mpaka mia mbili, akarudi mezani, akaandika: *Mahabusu ameachiliwa, ushahidi hautoshi.* Chini yake alieleza habari ya tangazo la ukutani, mistari sita, bila kutaja mahindi.

*

Landrova ilifika saa kumi kamili. Luteni Kamis alishuka na askari wawili. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo watu walimsikiliza sana.

"Inspekta. Ile Mkenya iko wapi?"

"Nimemwachilia, Luteni. Ushahidi haukutosha. Yule aliyesikika akitisha alikuwa Okullo mwenyewe, akisoma tangazo lenu. Nina shahidi."

"Umeachilia saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Imekwenda wapi?"

"Sikumuuliza."

Kamis hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, akaifungua juu ya meza na kuilainisha kwa upande wa kiganja.

"Saa nane na nusu mama moja alikuja kambini kwangu," alisema. "Amelipa teksi toka Luzira. Analia sana. Anasema, Luteni, nimeficha neno, sasa naogopa. Anasema ile mtu ya kituo na ile Mkenya ni kitu moja. Saa tisa atafungua yeye aende. Mimi nikasema, huyu mama ana uchungu ya bwana yake, labda anaona ndoto. Nikasema ningoje saa kumi, nione kama ndoto." Akaisukuma karatasi. "Akanipa hii."

Ilikuwa barua ya njia. Muhuri wa kituo, sahihi ya Ongom, tarehe ya mwanzo wa mwezi. Ongom alikumbuka kwamba alitia sahihi barua mbili siku ile. Dada alisema aongeze moja, isije mvua ikalowesha ya kwanza.

Mahali pa jina palikuwa pamejazwa. *Owino.* Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyesoma mpaka darasa la nne na kuandika kwa uangalifu. Wino ulikuwa mpya. Kwenye herufi ya mwisho ulikuwa umepakazika kidogo, kidole kilipita kabla haujakauka.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Jina hii umeandika wewe?"

Bahasha yenye meno ilikuwa mfukoni mwa Ongom, na kipimo cha mwaka huu kilikuwa ndani ya droo, karibu na goti lake. Sentensi moja ingetosha kumwokoa. Konstebo Amito alikuwa amesimama kaunta na kurunzi mkononi.

"Sina la kuongeza, Luteni."

"Basi tunakwenda."

Askari walisogea. Ongom aliinuka mwenyewe, akafungua mkanda, akauweka mezani pamoja na funguo.

"Hapa ni kituo cha polisi," alisema. "Mtu hatoki bila kuandikwa. Amito, fungua kitabu cha matukio."

Kamis alitazama saa yake, akainua mabega. "Andika. Karatasi inaungua."

Amito alifungua kitabu. Kalamu aliishika kwa mikono miwili kama mtoto.

"Saa?"

"Kumi na dakika saba."

"Jina la mshukiwa, afande?"

Ongom alilitaja lake, lote, la baba na la babu, akangoja liandikwe.

"Anachukuliwa na nani?"

"Luteni Kamis. Andika na namba ya gari."

Kamis aligeuza shingo polepole. Amito alichungulia dirishani, akaandika namba.

"Jina la mleta taarifa?"

"Andika mama moja," alisema Kamis.

"Andika Akwero," alisema Ongom. "Wa Luzira. Mke wa Okullo."

Amito aliandika. Kidole chake kilishuka mpaka safu ya mwisho ya ukurasa, kikasimama hapo. Aliinua macho, akayashusha tena.

"Uhusiano na mshukiwa?"

"Dada," alisema Ongom. "Tumbo moja."